Tesla Nyuma ya Nyumba: Raha Ukishafika, Kazi Ipo Njiani

Shemeji yangu alinipigia Jumamosi usiku, mimi nimeegesha lori kando ya barabara ya I-10 huko Arizona, nakula wali wangu wa juzi. Yeye na dada walikuwa wamenunua nyumba ya magurudumu, ile Wamarekani wanayoiita RV, mkononi mwa mtu. Ni ya saizi ya kati, imejengwa juu ya Ford E-450, na kitanda kimoja kinaning'inia juu ya kichwa cha dereva. Kazi zao wanafanyia kwenye kompyuta, watoto wameshajitegemea, wakaona bora kuzunguka nchi. "Shem," akaniambia, "hii Tesla naifunga nyuma naikokota tu, si ndiyo?"

Nikamuuliza kama ameangalia kitabu cha gari. Kimya.

Swali lenyewe si la kijinga. Ukishafika kambini na RV unachomeka umeme, unaunga bomba la maji safi, unaunga la maji machafu, unatandaza kivuli, unatoa viti. Asubuhi mkeo akisema maziwa yameisha, huwezi kufumua yote hayo kwa ajili ya pakiti moja ya maziwa. Ndiyo maana Wamarekani wengi wenye RV kubwa huburuta gari dogo nyuma. Wenyewe wanaliita chura, kwa sababu katika lugha yao neno la chura na neno la kitu kinachovutwa hutamkwa sawa. Chura anayependwa kuliko wote ni Jeep Wrangler: unaiweka nyutro ile gia ya kugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, unafunga chuma cha kuvutia, unaunga waya wa taa, matairi yote manne yanabiringika yenyewe nyuma yako hadi unakoenda.

Gari la umeme halikubali mchezo huo, na sababu anaijua kila aliyewahi kupanda baiskeli yenye dainamo. Ukiibana dainamo kwenye tairi, taa inawaka na baiskeli inakuwa nzito. Mota ya gari la umeme ni dainamo hiyohiyo, kubwa zaidi, na haina namna ya kuibandua kwenye tairi. Ile N unayoiona kwenye skrini inaiambia kompyuta isipeleke umeme kwenye mota. Haitenganishi mota na magurudumu. Kwa hiyo ukilikokota likiwa limezima, mota inazunguka, sumaku zilizo ndani yake zinazalisha umeme usio na pa kwenda, na joto linapanda. Kitabu cha Tesla kinasema wazi: gari lisisafirishwe huku matairi yake yakizunguka ardhini, na ukiliharibu kwa njia hiyo dhamana haikuhusu.

Hapa ndipo wajuzi wa mitandaoni wanapoingia. Kama mota inazalisha umeme, si uache gari likiwa limewashwa, likokotwe, lifike betri imejaa? Watu wamejaribu, na kweli chaji inapanda, uongo hapo hakuna. Lakini umeme huo unatoka kwenye tangi la RV, ambayo hata ikiwa tupu nyuma hunywa lita moja kwa kilomita tatu na kitu. Sasa unaifungia breki inayovutana nayo njia nzima, na injini ya mafuta hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake kama joto kabla haijafika kwenye tairi. Umenunua jenereta ya bei mbaya kuliko zote. Yule wa baiskeli taa alikuwa anailipia kwa magoti.

Basi libebwe juu ya tela. Hapo tatizo linageuka kuwa uzito, na mimi uzito ndio unaonilisha.

Nilipofika kwao wiki iliyofuata, tuliingia chini ya bampa la nyuma mimi na shemeji, tochi ya simu mdomoni, tukafuta kutu kwenye kibati cha kishikio, pale tela linapofungwa. Kimeandikwa pauni 5,000. Hiyo ni kama kilo 2,270. Tesla yao ni Model 3, kilo 1,760 hivi bila mtu wala begi. Tela la chuma la kubebea gari moja, kama yale ya kukodi, lina kilo 1,000 likiwa tupu. Jumla 2,760. Shemeji akasema, "Lakini Ford wenyewe wanasema inavuta zaidi." Ni kweli. E-450 inaruhusiwa kilo 6,580 peke yake, na kilo 9,980 pamoja na inachokivuta. Ukitoa unapata 3,400. Ila hesabu hiyo ni ya injini na gia. Aliyejenga nyumba aliongeza vyuma nyuma ya ekseli na kuning'iniza kile kishikio mwishoni, na yeye kasema 2,270. Kwenye kuvuta, namba ndogo kuliko zote ndiyo sheria.

Kuna jambo jingine watu hawalioni hadi usukani uwe mwepesi mkononi. Tela lililopakiwa vizuri hubonyeza kishikio kwa kama asilimia 10 ya uzito wake. Hizo ni kilo 276, zikikandamiza mkia mrefu wa RV, na mkia ukishuka pua inainuka. Matairi ya mbele yanashika barabara kwa ncha za vidole. Waliozoea mizani ya barabara ya Morogoro wanajua kwamba lori linaweza kuwa sawa kwa jumla na bado likazidi ekseli moja. Nilimpeleka shemeji kwenye CAT Scale, mizani ya kulipia inayokuwa kwenye vituo vya malori, tukapima RV ikiwa na maji, gesi na vyombo vya dada. Vyombo vya dada ni simulizi nyingine. Nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo kiasi cha kufunga mjadala wa tela.

Mwenye RV ya dizeli kubwa kama basi, ile ambayo injini yake iko nyuma, hana shida hii. Vishikio vyake mara nyingi vinaruhusu kilo 4,500 au zaidi, na Tesla juu ya tela haisikii kabisa. Tena tela lina faida moja ambayo mimi dereva naithamini: unaweza kurudi nyuma. Gari linaloburutwa kwa matairi manne haliwezi. Ukijichanganya ukaingia kituo cha mafuta kisicho na njia ya kutokea, unashuka unafungua kila kitu huku watu wanapiga honi. Ila ukifika kambini, tela tupu lenye urefu wa gari unaliweka wapi? Viwanja vingi havina hata pa kuweka mkaa wa kuchomea nyama.

Njia ya katikati ipo, na haisemwi sana kwa sababu haina mbwembwe. Magari ya umeme yanayosukumwa na magurudumu ya mbele, kama Nissan Leaf na Chevrolet Bolt, yana mota mbele tu. Ukiyainua magurudumu hayo juu ya kigari kidogo cha ekseli moja, wanachokiita doli, ya nyuma yanabiringika bure bila kugusa mota yoyote, mradi breki ya kuegeshea imeachiliwa. Doli lina kilo 340. Leaf ina 1,600 hivi. Jumla 1,940, na kishikio cha shemeji kinapumua. Leaf ya betri ya uniti 40 (uniti ni kilowati-saa moja) inatembea kilomita 240 ikiwa mpya, na iliyotumika inapatikana kwa bei ya chini kwa sababu plagi yake ya kuchaji haraka, CHAdeMO, inaachwa nyuma huko Marekani. Kwa mtu wa kambini ubaya huo si ubaya, maana hachaji barabarani. Bahati mbaya ile nafuu ya kodi ya hadi dola 4,000 kwa gari la umeme lililotumika iliisha Septemba 30, 2025.

Ukishafika sasa, hadithi inabadilika kabisa, na hapa wanaolisifia gari la umeme wana haki yote. Mtu wa RV analala kando ya soketi. Kila kiwanja chenye huduma kina nguzo ya umeme: soketi ya ampea 50 yenye volti 240, au ya 30 yenye volti 120, na mara nyingi ya kawaida ya ampea 20 pembeni. Safari za kambini ni fupi: dukani, mtoni, kanisani. Kilomita 60 kwa siku zinakula uniti 10. Soketi ya ampea 20 inarudisha uniti hizo kwa saa tano na kidogo, wewe umelala. Ya ampea 50 inamaliza kazi hiyo ndani ya saa moja na nusu. Hakuna kutafuta kituo, na asubuhi gari limejaa.

Ila usifanye alivyofanya shemeji. Agosti, joto la Arizona, kambi ya zamani, nguzo ina soketi moja tu ya ampea 30. Akanunua kigawanyio, akachomeka nyumba upande mmoja na Tesla upande wa pili. Soketi ile inatoa kilowati 3.6. Gari lilijichukulia 2.9, kiyoyozi cha juu ya paa kinataka kama moja na nusu. Usiku wa manane swichi ya nguzo ikajizima. Dada aliamka analowa jasho, na nasikia maneno aliyoyasema hayakuwa ya kanisani. Dawa yake ni ndogo: kwenye skrini ya gari unashusha ampea hadi kumi, unaiambia ianze kuchaji hewa ikipoa. Kwanza lakini uijue hesabu.

Wenye kambi nao wana lao, na siwalaumu. Baadhi wamepiga marufuku kuchaji magari kwenye nguzo, wengine wanadai ada juu ya ada, na wasafiri wanalalamika kwamba wanalipishwa kwa ubaguzi: kiyoyozi kinakula umeme uleule, mbona hakilipiwi? Hoja hiyo inaangalia uniti peke yake. Kanuni za umeme za Marekani zinamruhusu fundi wa kambi yenye viwanja 36 au zaidi kukadiria nyaya kuu kwa asilimia 41 tu ya mzigo wote, kwa imani kwamba si wote watawasha kila kitu kwa wakati mmoja. Kiyoyozi huwaka na kuzima, jiko hutumika robo saa. Gari linavuta mfululizo saa nane bila kupumzika. Yakija kumi usiku mmoja, ile imani ya asilimia 41 haipo tena. Marufuku naiona ni uvivu. Mita kwenye nguzo, alipe kila mtu uniti zake kama kwenye LUKU, ingemaliza ugomvi wa pesa, ingawa nyaya zilizozikwa miaka 30 iliyopita haziwi nene kwa sababu umeweka mita.

Kuna kundi ambalo kwao nasema hapana bila kusita: wanaolala jangwani bila huduma. Kule Quartzsite, Arizona, serikali inaruhusu watu kukaa kwenye ardhi yake kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15 kwa kulipia kibali, na wazee wengi wanahamia huko msimu mzima na sola zao. Paneli za wati 400 zinaleta uniti mbili kwa siku nzuri. Ukizipeleka zote kwenye gari umepata kilomita 12, na jioni unakaa gizani.

Lakini hata hapo kuna upande wa pili, na umenishawishi kuliko nilivyotaka. Hyundai Ioniq 5 ya 2022 hadi 2024 yenye betri kubwa ina uniti 77.4 na inaweza kutoa umeme nje, hadi kilowati 1.9 kwa toleo la Marekani. Betri ya kawaida ya ndani ya RV, ile ya lithiamu ya saa-ampea 200, ina uniti mbili na nusu. Gari hilo moja ni betri 30 zilizoegeshwa mlangoni. Friji, taa, kompyuta, hata kiyoyozi kimoja kikibanwa, usiku kucha bila mlio wa jenereta. Likipungua unaliendesha mjini, unalijaza, unarudi na umeme wako kama mtu anayechota maji kwa dumu.

Wapo wanaouliza kwa nini usigeuze kabisa, gari la umeme livute nyumba ya tela. Ford F-150 Lightning, pikapu ya umeme, ile yenye betri kubwa iliandikiwa kilomita 515 ilipotoka 2022. Ifungie nyumba pana nyuma yake, unabaki na kama nusu. Na vituo vingi vya kuchaji vimechorwa kama maegesho ya dukani, hivyo kila ukisimama unafungua nyumba, unachaji, unaifunga tena. Desemba 2025 Ford walitangaza kuliacha gari hilo katika sura yake ya umeme mtupu, lijalo litakuwa na injini ya kuzalisha umeme. Sikushangaa.

Kwa shemeji, ushauri wangu ulikuwa Leaf na doli. Alikubali, dada akakataa: hauzi Tesla yake kwa ajili ya kwenda kununua maziwa. Kwa hiyo wanakwenda kwa msafara. Yeye anaendesha nyumba, dada anafuata na gari akisikiliza mahubiri yake kwa amani, anasimama kuchaji mara moja njiani, na bado mara nyingi anafika kwanza. Wanatumia madereva wawili kwa safari moja, uchovu mara mbili, tairi mara mbili. Mara ya mwisho tulipoongea shemeji alikuwa njiani peke yake, anajaza mafuta New Mexico. Dada alikuwa ameshafika kambini, amechagua kiwanja, na amechomeka gari kwenye nguzo yenye soketi mbili.