Kafikisha 18, hela ikakatika

Mwezi wa saba mwaka jana dada yangu aliniletea fomu ya kujiunga na kidato cha tano. Mwanawe kapangiwa bweni, mkoa wa mbali. Godoro la futi mbili na nusu, tranka, ndoo mbili, jembe lenye mpini, rimu ya karatasi, michango chungu nzima. Juu ya fomu kaweka simu yake, ujumbe wa mzazi mwenzake uko wazi: "Kijana kashatimiza miaka 18. Mimi na mahakama tumemalizana."

Hela ya mwisho ya matunzo iliingia mwezi wa tano. Elfu 50, ileile iliyoamriwa mtoto akiwa na miaka minne.

Niseme ukweli, huyo bwana hajatunga. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema amri ya matunzo inakoma mtoto akifikisha miaka 18. Ila sheria hiyohiyo inairuhusu mahakama kuiendeleza kama mtoto bado yuko masomoni. Inairuhusu tu, basi. Lazima mtu aende akaombe, na mtu huyo tunamjua ni nani. Kwa watoto wetu, 18 inawakuta kidato cha nne au cha tano, pale hasa gharama zinapopanda.

Hapo ndipo ninapogombana na utaratibu wetu: kila hatua, anayetembea ni mama.

Chukua kiasi chenyewe. Hakuna jedwali la kusema mwenye mshahara huu atoe hiki. Kifungu cha 44 kinamtaka hakimu aangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Sina neno nacho. Wote wawili ni wote wawili. Mitumba ya dada ilihesabiwa, na ni haki. Lakini mwenye mshahara ana karatasi inayomsema. Huyu wetu ana bajaji mbili, na siku ya shauri zote ziligeuka kuwa za shemeji yake. Yeye akawa deiwaka, dereva wa kibarua tu. Dada alikuwa na kaunta buku aliyoandika kila kitu, unga, sabuni, viatu, dawa ya kikohozi. Afisa ustawi akaigeuzageuza, akauliza, "Risiti ziko wapi?" Risiti ya dagaa!

Ikatoka elfu 50, ikaganda miaka 14. Kisheria unaweza kuomba kiasi kibadilishwe. Dada alijaribu mara moja: siku tatu bila biashara, nauli, kisha akaambiwa mwenzake hajapata wito, rudi mwezi ujao. Hakurudi. Ile sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa, iliyofutwa mwaka huohuo wa 2009, ilitaja shilingi 100 kwa mwezi. Wote tunaicheka. Hiyo 100 nayo siku ilipoandikwa ilikuwa hela.

Wapo akina baba wanaotuma bila kuamriwa, na watoto wao hawaonyeshwi. Hilo nalo ni dhuluma, nitaliandikia siku yake.

Aprili 2018, Paul Makonda akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwaita ofisini wanawake waliotelekezewa watoto. Walifurika, wengine na vichanga mgongoni. Watu waliona ni siasa, huenda. Mimi niliona watu waliosikia kwamba safari hii atakayeitwa ni baba.

Kwa hiyo natamani amri igeuzwe kichwa chini. Iendelee mpaka mtoto amalize masomo, na anayeona mtoto kashajitegemea apande gari yeye, akaombe isitishwe. Kiasi nacho kipangiwe tangu mwanzo kuangaliwa upya mtoto akianza darasa la kwanza, na tena akiingia kidato cha kwanza, bila mtu kupiga magoti. Akina baba watasema ni usumbufu. Ndiyo.

Godoro tulinunua, tranka tuliazima kwa jirani. Ombi la kuendeleza matunzo tumelipeleka na tarehe tumepewa: Jumamosi haiwezekani, Ijumaa hakimu ana mashauri mengine, ikaangukia Jumatano. Jumatano ndiyo siku ya gulio.