Utafiti wa Korea uandikwe Kikorea au Kiingereza?

Profesa yuko Seoul, anatafiti maisha ya wazee kijijini, anawahoji kwa Kikorea, nyaraka zake zote Kikorea, halafu makala anaandika Kiingereza ili apande cheo. Hii kitu Korea Kusini imezoeleka, kwa sababu vyuo vingi vinahesabu pointi na jarida lililomo kwenye SSCI au A&HCI, yaani orodha za kimataifa za majarida ya kitaaluma, mara nyingi linabeba pointi nyingi kuliko la KCI ambayo ni orodha yao ya nyumbani.

Wanaotetea Kiingereza wana hoja, tusiwabeze. Bila hicho sisi huku tungeijua Korea kwa tamthilia na BTS tu. Jarida la Korea Journal linatoka kwa Kiingereza tangu 1961, na mtu wa Dodoma asiyejua hata herufi moja ya Hangul anawasoma Wakorea wakijieleza wenyewe. Si jambo dogo.

Ila angalia kinachopotea njiani, chukua majina tu. Jina moja la ukoo, lile la 이, huyu anaandika Lee, yule Yi, mwingine Rhee, na kwa kanuni ya serikali ya mwaka 2000 ya kuandika Kikorea kwa herufi za Kilatini ni I, basi, herufi moja. Wasomi wengi wa Marekani nao bado wako na mfumo mwingine wa uandishi huo, McCune-Reischauer wa miaka ya 1930, kwa hiyo ukitafuta jiji la Busan unakosa yote yaliyoandikwa Pusan. Halafu karibu Mkorea mmoja kati ya watano ni Kim, sasa ukikuta makala imemrejelea mwandishi kwa "Kim 2015" tu, utajuaje ni Kim yupi? Kwenye makala za Kikorea wanataja jina zima, hilo tatizo linapungua sana.

Na kinachoniuma zaidi ni maswali yenyewe kubadilika, maana ukimwandikia mhariri wa London lazima umshawishi kijiji chako kinamhusu nini msomaji wa nje, ukifanya hivyo miaka kumi unaanza kuchagua mada za kumfurahisha yeye, na yule bibi aliyekupa masaa yake matatu hawezi kusoma ulichoandika kumhusu.

Mi naona makala ya Kikorea ipewe pointi sawa, halafu zile nzuri zitafsiriwe kwa hela ya umma. Fasihi yao tayari ina taasisi ya serikali ya kuitafsiri, LTI Korea, sioni kwa nini tafiti zikose.