Gauni lilishonwa kabla ya msichana kupatikana

Zipu ilifika usawa wa mbavu ikagoma. Tulikuwa nyuma ya pazia, kwenye onyesho la mavazi katika hoteli moja ya Dar es Salaam, dakika 40 kabla ya wageni kuketi. Msichana aliyekuwa ndani ya gauni langu la satini alivuta tumbo, akabana pumzi, akaninong'oneza: "Vuta tu dada, itafunga. Sijala tangu jana mchana." Alisema kama mtu anayetoa risiti kuonyesha kwamba ameshalipa.

Mimi ni fundi cherehani, huu mwaka wa 19. Riziki yangu inatoka kwa mabibi harusi, sare za kamati na wamama wa vikoba. Kazi za maonyesho nazipata kwa nadra. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu wa futi na mkasi, si ya mtaalamu wa lishe. Lakini naona wanaoandika kuhusu nidhamu ya wanamitindo, wanaoisifia na wanaoilaani, wote wanaanza hadithi katikati. Wanaanzia kwenye sahani, wakati mambo yalishaharibika zamani mezani kwa fundi.

Mteja wa kawaida akija kwangu, nampima kwanza. Kifua, kiuno, hipsi, urefu wa mgongo. Naandika kwenye daftari, ndipo mkasi uguse kitambaa. Akirudi baada ya miezi mitatu amenenepa, nafumua pembeni, naachia kidogo, anaondoka anacheka. Gauni la siku ile lilikwenda kinyume. Mwandaaji aliniletea vipimo visivyo na mwenyewe: kifua sentimita 84, kiuno 62, hipsi 90. Nikamwuliza, huyu ni nani? Akasema, "Wewe shona, tutampata." Na kweli, gauni lilikuwa limeshapigwa pasi ndipo walipoanza kutafuta mtu wa kuingia humo.

Nilidhani ni ubabaishaji wetu wa kawaida. Kumbe Paris na Milan ndivyo wanavyofanya, tena kwa utaratibu mzuri kabisa. Nguo ya msimu ujao hushonwa moja ya sampuli, kwa saizi moja, miezi mingi kabla haijafika dukani. Nguo hiyohiyo hupanda jukwaani, hupigwa picha za majarida, na huonyeshwa kwa wanaonunulia maduka. Kushona moja ni nafuu kuliko kushona sita. Kwa hiyo anatafutwa mwanamke wa sentimita 175 kwenda juu, hipsi zisizozidi sana 90, na akishapatikana anatakiwa abaki hivyohivyo, maana nguo haiongezwi. Akizidi sentimita mbili, fundi haitwi. Anaitwa yeye, anaambiwa ajirekebishe.

Na hapo kwenye hipsi nina ugomvi wa kifundi. Kiuno kinapungua, nimekiona kikipungua kwa mabibi harusi wengi wakati posa ikisubiri mahari. Hipsi zina mfupa chini yake, na mfupa haupungui. Msichana mwenye nyonga pana hata ashinde na chai kavu, kuna namba ambayo futi haitashuka chini yake.

Sasa tuje kwenye sahani. Novemba 2011, Adriana Lima, Mbrazili aliyekuwa mmoja wa nyota wakubwa wa Victoria's Secret, kampuni ya Marekani ya nguo za ndani, aliliambia gazeti la The Telegraph la Uingereza anavyojiandaa kwa onyesho lao la kila mwaka. Mazoezi kila siku tangu Agosti. Wiki tatu za mwisho, mara mbili kwa siku. Siku 9 kabla ya onyesho, hakuna chakula cha kutafuna: anakunywa protini iliyochanganywa na unga wa mayai, na karibu lita 4 za maji kila siku. Halafu maji yanapunguzwa, na saa 12 za mwisho hagusi hata tone.

Kelele zikapigwa. Baadaye akafafanua kwamba hafanyi hivyo mwaka mzima, kwamba ana akili ya mwanariadha, na kwamba wasichana wadogo wasijaribu kujinyima chakula. Namwamini. Kwa miaka mingi alifanya mazoezi ya ngumi huko New York chini ya Michael Olajide Jr., bondia wa zamani, na ratiba yake ni ya kibondia kabisa. Ukinywa maji mengi siku kadhaa mfululizo, figo zinazoea kuyatoa kwa kasi. Ukikata ghafla, zinaendelea kutoa kwa muda. Kilo zinashuka, ngozi inabana kwenye misuli, na chini ya taa kila mstari unaonekana.

Nilikuwa na jirani Manzese aliyepigana ngumi za kulipwa. Wiki ya pambano alikuwa akikimbia saa saba mchana, jua la Dar, amevaa koti la nailoni, na jioni anakaa kwenye ngazi akitema mate kwenye kopo la maziwa ya unga. Watoto walikuwa wanamwogopa, si kwa ngumi, kwa jinsi macho yalivyoingia ndani. Lakini yule bondia alipimwa uzito siku moja kabla. Akitoka tu kwenye mzani, mkewe alikuwa anamsubiri na madafu mawili na chupa ya uji. Alipopanda ulingoni kesho yake alikuwa ameshakuwa mtu tena. Mwanamitindo hana hiyo kesho. Ulingo wake na mzani wake ni kitu kimoja, na anatakiwa afike pale akiwa amekauka, tena atabasamu, tena juu ya viatu virefu.

Tofauti nyingine inaniudhi zaidi. Ngumi za kulipwa zina angalau madaraja 17 ya uzito, kuanzia kilo 47.6 hadi uzito wa juu usio na kikomo. Bondia akishindwa kushuka, anapanda daraja, anatafutiwa mpinzani wa saizi yake, na hakuna anayemwita mvivu. Jukwaa la mitindo limeishi miaka yote na daraja moja. Ndiyo, Ashley Graham, mwanamitindo mnene wa Marekani, alitokea kwenye jalada la jarida la Sports Illustrated, toleo la mavazi ya kuogelea, mwaka 2016, na watu wakapiga makofi. Lakini sampuli haikubadilika kwa sababu ya jalada. Waliofunguliwa mlango walipewa chumba cha pembeni.

Ndiyo maana neno nidhamu nalitumia kwa uangalifu. Sina neno na mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuruka kamba kwa hiari yake; mimi mwenyewe siwezi. Ila Erin Heatherton, aliyepita kwenye jukwaa lilelile la Victoria's Secret, alisema mwaka 2016 kwamba kabla ya maonyesho yake mawili ya mwisho aliambiwa apungue. Hilo ni agizo la mwajiri. Bondia anachagua daraja akiwa na kocha wake, na sheria imeandikwa. Mwanamitindo anakaguliwa na jicho la mtu, na jicho halina namba ya kubishana nayo. Anaweza kufika na hipsi zilezile za jana akaambiwa leo "hauko sawa".

Sheria zimejaribu. Mwaka 2006 mwanamitindo wa Uruguay, Luisel Ramos, alianguka na kufa kwenye onyesho jijini Montevideo akiwa na miaka 22. Novemba mwaka huohuo Mbrazili Ana Carolina Reston akafa kwa madhara ya kujinyima chakula, ana miaka 21. Kati ya vifo hivyo viwili, Septemba, onyesho la mitindo la Madrid liliwazuia wenye uwiano wa uzito na urefu ulio chini ya 18, yaani mtu wa sentimita 175 awe na angalau kilo 55. Israel ikapitisha sheria yake mwaka 2012. Ufaransa ikadai cheti cha daktari, na mwaka 2017 makundi mawili makubwa ya mitindo, LVMH na Kering, yakaahidi kuachana na saizi 32 ya Kifaransa, ambayo ni ndogo mno. Hatua nzuri. Mimi ningeanza na hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo pekee iliyogusa nguo. Mizani inambana tena msichana yuleyule, na kuna wasichana wa Kiturkana wa Kenya na Kidinka wa Sudan Kusini walioumbwa warefu na wembamba, wanakula vizuri, na mzani utawaita wagonjwa.

Haohao ndio wanaofuatwa. Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilieleza jinsi vijana wanavyochukuliwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wanapelekwa Ulaya kujaribiwa, na baadhi wanarudishwa kambini wakiwa na deni la maelfu ya yuro. Deni linatokea hivi: wakala anatanguliza tiketi, viza, kodi ya chumba, na vyote anaviandika. Ukipata kazi anakata. Usipopata, daftari linabaki na jina lako. Hebu fikiria uko kwenye chumba hicho, unapimwa keshokutwa, unadaiwa nauli ya ndege. Utakula ugali?

Na huku kwetu kuna ukaguzi wa pili ambao Ulaya hawaujui. Sisi bado tunasalimiana kwa miili. "Umenawiri!" ni sifa. "Mbona umekonda, una nini?" ni swali linalobeba kumbukumbu za miaka ambayo kukonda kulimaanisha jambo moja tu mtaani. Msichana wa jukwaani anatoka kwa mwalimu wake ameambiwa aache wanga, anafika nyumbani mama ameshampakulia wali, na shangazi aliyekuja kutoka Singida anamtazama mikono kwa huruma. Huku amezidi, kule amepungua.

Turudi kwenye zipu. Nilimwambia avue. Akaogopa, akadhani nimempa mtu mwingine nafasi. "Hapana mdogo wangu, vua nifumue." Nikaligeuza gauni, nikachukua kiwembe, nikafungua mshono wa pembeni. Kulikuwa na akiba ya sentimita mbili kila upande. Hakuna aliyeniagiza niiache, ni mazoea ya magauni ya harusi. Nikashona kwa mkono, yeye kajifunga khanga, kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama sindano. Nilimwuliza atakula nini akimaliza. "Chipsi mayai," akasema haraka, kana kwamba alikuwa anasubiri kuulizwa. "Na pilipili ya kutosha."

Alipita vizuri sana. Mimi nilisimama pembeni ya jukwaa na pini mdomoni, nikamsikia mama mmoja wa meza ya mbele akimwambia mwenzake: "Gauni zuri. Ila katoto kamekonda haka, kanaumwa?"

Desemba kuna onyesho jingine, mwandaaji yuleyule. Nimemwandikia kwamba safari hii sikati kitambaa mpaka niletewe wasichana niwapime mmoja mmoja, na kwamba bei itapanda kwa sababu kila gauni litakuwa na mwenyewe. Ujumbe una tiki mbili za bluu tangu Jumanne. Hajajibu.