Jiji ni Ilala, Sisi Wengine ni Nani?

Mtu wa Kimara, wilaya ya Ubungo, akipanda mwendokasi asubuhi husema anakwenda mjini. Tangu Februari 2021 usemi huo una nguvu ya kisheria. Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, Ilala, manispaa ya katikati ya mji, ikapandishwa hadhi na kurithi jina la Jiji. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki manispaa.

Waliofurahia uamuzi ule walikuwa na hoja. Halmashauri ile haikuwa na eneo lake. Kila kata ilikuwa tayari chini ya manispaa fulani. Ilikula michango ya manispaa hizo hizo, nayo ikawa na meya wake, vikao vyake na posho zake. Maji yako DAWASA, barabara za mitaa ziko TARURA tangu 2017, mwendokasi una wakala wake. Kilibaki nini zaidi ya chai na sambusa?

Zilibaki taka.

Dampo kuu la mkoa liko Pugu Kinyamwezi, ndani ya Ilala. Simama Gongo la Mboto mchana ulione lori linavyopita: wavu umetoboka, maji meusi yanachora mstari kwenye lami, kijana kaketi juu ya mzigo na reki yake. Toka Bunju mpaka huko ni safari ya kuvuka mkoa mzima. Dizeli ikipanda, mkandarasi anapunguza tripu, na taka zilizokosa gari zinaishia korongoni. Korongo la Sinza linamwaga Msimbazi, na Msimbazi unapita Jangwani, Ilala upande huu, Magomeni ya Kinondoni upande ule. Mvua ikikaza, Barabara ya Morogoro inafungwa pale, na wa Kimara hafiki mjini. Diwani wa juu ya mto hapigiwi kura na aliyefurikiwa chini.

Halafu kuna hesabu inayonisumbua zaidi. Sensa ya 2022 iliipa Dar es Salaam watu 5,383,728. Ilala, yaani Jiji, ina 1,649,912. Haifiki theluthi. Lakini hao ni wanaolala. Mchana, Kariakoo na Posta zinajaa watu wa Mbagala, Manzese na Kigamboni. Mwenye duka Kariakoo anayelala Mbagala, upande wa Temeke, analipa leseni na ushuru wa huduma kwa Ilala. Watoto wake wanabanana darasani Temeke. Akifagia duka jioni, uchafu anawaachia Ilala. Akifika nyumbani, mtaro uliojaa ni wa Temeke. Kwa hiyo Ilala nayo haiponi: inabeba taka na miguu ya watu isiowahesabu. Nani anafidia nani? Huenda Ilala ndiyo inayodai, huenda Temeke. Ninachojua ni kwamba hesabu hiyo haina meza ya kufanyiwa.

Niwe mkweli, Jiji la zamani nalo halikuwahi kuifanya vizuri. Lilikuwa linakusanya kuliko kugawa, na anayelililia leo amesahau. Ila meza ilikuwepo, na waliokaa pale walikuwa madiwani, watu unaoweza kuwanyima kura. Leo tunaambiwa uratibu uko kwa Mkuu wa Mkoa. Sina ugomvi naye, lakini huyo anateuliwa, na mtu wa Jangwani hawezi kumwajibisha kwa kura. Ingetosha kuipunguzia posho ile halmashauri na kuiachia mambo matatu tu: dampo, mito na mgawanyo wa ushuru. Tuliona kunguni, tukachoma kitanda.

Wakati huohuo, abiria wa Mwanza akishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis anapiga simu kwao: "Nimefika Dar." Kwa makaratasi yuko Manispaa ya Ubungo, na bado ana nauli ya kulipa kabla hajafika jijini.