Akiba yako ya kwanza ipeleke Memphis

Muhula wangu wa kwanza Marekani, ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni ilitutangazia safari ya kuijua nchi. Dola 40, nauli na chakula cha mchana humo humo. Tulikuwa kama thelathini: Wavietnamu, Waghana, Wabrazili, Mnepali mmoja, na mimi mtu wa Tanga. Basi likaenda saa mbili nzima, likatushusha kwenye maduka ya viatu na mikoba ya bei ya punguzo. "Saa kumi tukutane hapa hapa." Nilinunua soksi.

Sina ugomvi na soksi, zilikuwa nzuri. Ugomvi wangu ni na hii tabia ya kumwona mwanafunzi mgeni kuwa ni mteja tu. Mwaka wa pili atapelekwa New York akapige picha Times Square, wa tatu Niagara. (Na Niagara kwenyewe hawamwambii kwamba akilivuka lile daraja kwenda ng'ambo ya Kanada bila viza ya Kanada, kwa wengi wetu, hapiti, wala kwamba I-20 yake, ile hati ya chuo ya mwanafunzi mgeni, iwe na saini ya safari isiyozidi mwaka.) Anarudi nyumbani na simu imejaa picha, lakini muulize jirani yake wa darasani katokea wapi, hajui.

Siku hizi kijana akiniuliza, namwambia akiba yake ya kwanza akakatie tiketi ya treni ya usiku inayoitwa City of New Orleans. Inatoka Chicago saa mbili hivi usiku, alfajiri uko Memphis, jimbo la Tennessee, Kusini mwa Marekani. Kaa kiti cha kawaida, kitanda hakina mazungumzo. Kati ya miaka ya 1910 na 1970, Wamarekani weusi wapatao milioni 6 waliikimbia Kusini na ubaguzi wake, na wengi wa Mississippi walipandia njia hii kwenda Chicago. Wewe unaifuata kinyumenyume.

Nilipoipanda mimi, aliyekaa karibu yangu alikuwa bibi mmoja akienda kumzika dada yake. Tulipoacha taa za mji akafungua kopo la kuku wa kukaanga, akanikaribisha. Nikamwambia kwa furaha kwamba kwetu nako mama hakuachii upande basi bila chakula cha njiani. Hakucheka. Akasema mama yake alikuwa akifungasha kuku kwenye boksi la viatu kwa kuwa kwenye behewa la chakula watu weusi hawakukaribishwa, na njiani hujui ni mkahawa upi utakufukuza. Nikamkumbuka Wangari Maathai. Alipokwenda kusoma Kansas mwaka 1960, basi lao lilisimama Indiana, na yeye na wenzake Waafrika wakaambiwa wanaweza kununua vinywaji ila wasikae ndani. Habari hiyo nilikuwa naijua. Nikiwa na paja la kuku mkononi ndipo iliponiingia.

Kutoka stesheni ya Memphis hadi Lorraine Motel ni mwendo mfupi wa miguu. Tangu 1991 ni makumbusho ya haki za kiraia. Shada la maua limetundikwa kwenye roshani mbele ya chumba namba 306, pale alipopigwa risasi Martin Luther King tarehe 4 Aprili 1968. Nilidhani pale ndipo nitakapolia, lakini kilichonishika ni mabango ya wazoa taka.

Februari mwaka ule wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua nyuma ya lori lao, mashine ya kushindilia taka ikawaua. Wenzao wakagoma, na King alikuja Memphis kwa ajili yao. Mabango yao yalisema neno moja tu: Mimi ni mwanaume. Msomaji wa Ulaya huenda akauliza, nani alikataa? Mimi sikuuliza. Babu yangu alipika katika nyumba ya meneja wa mkonge, na mpaka anapata wajukuu aliitwa boi. Boi, maji. Boi, viatu. Kule Memphis nako mtu mzima mwenye watoto wake aliitwa hivyo hivyo. Yule Mnepali, niliyekuwa nimemshawishi tuje wote, akaniuliza mbona nimeganda. Kumweleza kukachukua muda, hata Beale Street na miziki yake tukaikosa.

Najua hoja za maofisa: Kusini ni mbali, habari zake nzito, wageni watahuzunika. Wenye uoga huo waanzie basi Washington, ambako makumbusho ya Smithsonian hayana kiingilio. Lile la historia ya Wamarekani weusi, lililofunguliwa 2016, linakuanzishia chini ya ardhi kisha unapanda ngazi kwa ngazi. Lakini hata huko utakuwa unatazama vitu kwenye vioo. Kwenye treni, historia inakugawia chakula.

Niliporudi nikaiandikia ofisi barua, nikaandika humo na nauli, na saa za treni, na hosteli. Wakajibu siku ya pili, kwa adabu sana: wazo ni zuri, watalifikiria. Na chini yake, safari ya maduka ya Novemba bado ina nafasi saba.