Dakika saba zilizogeuka kumi na tano

Tarehe 4 Novemba 1963, katika studio ya Rudy Van Gelder kule Englewood Cliffs, New Jersey, wanamuziki sita wa jazz walipishana hesabu katikati ya wimbo. Nashukuru mpaka leo kwamba hakuna aliyewasimamisha.

Wimbo wenyewe, "Idle Moments", ulitungwa na Duke Pearson, aliyekuwa kwenye piano siku hiyo. Unakwenda polepole mno, na ulipangiwa kama dakika saba. Utata ukawa kwenye mzunguko, yaani urefu wa zamu ya solo: uhesabiwe vipimo 16 vya mapigo au 32? Grant Green, mwenye gitaa na kiongozi wa kikao hicho cha kurekodi, akachukua hesabu ndefu. Wenzake wakamfuata, na kila zamu ilipofika kwa mtu, naye akajipa nafasi kubwa vilevile. Walipoweka vyombo chini, dakika 15 zilikuwa zinakaribia.

Kwa santuri ya wakati ule hilo lilikuwa tatizo la kweli, kwa sababu upande mmoja hubeba dakika ishirini na kidogo. Njia rahisi ilikuwa kuurudia kwa ufupi. Badala yake, tarehe 15 mwezi huohuo walirudi studio na kurekodi upya, kwa ufupi, nyimbo nyingine mbili za santuri hiyo, "Jean de Fleur" na "Django", ili ule mrefu ubaki kama ulivyotoka. Alfred Lion wa Blue Note, kampuni iliyotoa santuri hiyo, aliwahi kusimamia rekodi nyingi kubwa, lakini kwangu uamuzi huu ni miongoni mwa mema kabisa yaliyofanyika chini yake. Mtu anayeuza santuri kukubali robo saa ya wimbo wa kusinzia! Isipokuwa haukusinzishi. Unakukalisha.

Msikilize Green anavyoanza solo yake. Noti moja, halafu anaiacha ining'inie. Besi ya Bob Cranshaw inatembea chini yake, ngoma za Al Harewood zinanong'ona, na yeye hana haraka ya kuleta noti ya pili. Ikija, inakuja imechelewa kidogo nyuma ya pigo, kama mtu aliyefikiri kwanza ndipo akajibu. Hakuna kodi nzito (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) wala mbwembwe za vidole. Ni uzi mmoja baada ya mwingine, kila sauti safi na ya mviringo.

Wapo wapiga gitaa, na nimebishana nao sana, wanaosema Green alikuwa na upungufu: hapigi kodi, na anarudia kipande kilekile. Nadhani wanamsikiliza kwa masikio ya gitaa. Kijana huyu wa St. Louis, aliyezaliwa 1935, alijifunza zaidi kwa wapuliza saksafoni, Charlie Parker akiwa mbele yao. Bibopu, ile jazz ya kasi ya Parker, aliyoibeba ni ya mtu anayevuta pumzi, na mpulizaji hapigi kodi, hutoa sauti moja kwa wakati. Kasi yake unaipata kwenye "Jean de Fleur", utunzi wake mwenyewe, ambamo noti zinamwagika bila hata moja kumkwaza nyingine. Ana uwezo huo wote, na kwenye "Idle Moments" anauweka mfukoni.

Kwetu neno "jazz" tulilizoea kwenye majina ya bendi za dansi, Western Jazz, Nuta Jazz, Morogoro Jazz, na muziki wenyewe ni mwingine kabisa. Lakini aliyekulia kwenye gitaa la solo la bendi zile hatapotea kwa Green, maana gitaa lake nalo linaimba.

Wenzake pia hawakumwangusha. Joe Henderson alikuwa na miaka 26, umri ambao wengi wangetumia nafasi ile kuonyesha kila wanachojua. Saksafoni yake inaingia kwa sauti ya chini, karibu kama pumzi tupu, kisha inajaa taratibu. Bobby Hutcherson, miaka 22 tu, anagusa vibrafoni, ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa, na kuacha mlio ufifie wenyewe.

Matoleo ya baadaye ya CD yameongeza zile "Jean de Fleur" na "Django" ndefu za kikao cha kwanza. Nimezilinganisha mara nyingi. "Django" ndefu, yenye zaidi ya dakika 13, ni nzuri na inastahili kusikilizwa, ila hata nikiipenda namna gani, nisingekubali itolewe dakika moja ya ule wimbo wa kwanza ili kuipa nafasi.