Mtu Mzima Akikimbia Mombasa

Mombasa mtu mzima ana ruhusa ya kukimbia kwa mambo mawili tu: ama feri ya Likoni yataka kung'oa, ama kuna mtu kamnyakulia simu. Nje ya hapo ukionekana wakimbia, tena kitambi kimekutangulia, watu hawakuachi salama. "Ami, kuna nini huko?" Ukijibu hakuna kitu, nafanya mazoezi, ndio umewasha moto. Kwanza watatazama nyuma yako waone nani akufukuza. Wakikosa kumwona, wataanza kukuonea huruma.

Juzi kijana wa tuktuk alinifuata kutoka Makadara. "Mzee, panda, mia tu." Nikatikisa kichwa. "Haya, themanini." Nikaendelea. Akaniteremshia mpaka hamsini, mpaka thelathini, yeye na gurudumu lake la mbele wananikaba ubavuni kama mahari inajadiliwa. Tulipokaribia Treasury Square akazima muziki, akasema kwa sauti ya upole, "Haya panda bure, babangu, kwa ajili ya Mungu." Abiria aliyekuwa nyuma naye akasogea kunipa nafasi.

Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko Kibokoni. Kazi yangu ni kukaa. Nimekaa miaka na miaka nikishona kanzu za Idi na suti za mabwana harusi, mwili nao ukakaa zake. Ikaja sukari. Sukari ikamkaribisha mwenzake presha. Goti la kulia, lile la kukanyagia cherehani, nalo likasema halikubali kuachwa nyuma. Daktari akanambia nitafute dakika 150 za mazoezi kwa wiki, hata kutembea kwa haraka kwatosha. Maneno ya busara kabisa. Tatizo ni kwamba niliyapeleka barazani. "Huyu?" akasema mmoja. "Huyu kutoka hapa mpaka msikitini apumzika mara mbili." Wakacheka mpaka wale wasio na meno. Ulimi hauna mfupa. Nikasema nitakimbia marathoni. Nzima. Kufikia Isha Mji wa Kale wote ulikuwa na habari, na muuza kahawa alikuwa ashaanza kuniita bingwa, kwa ile sauti yake ya kugonganisha vikombe.

Sasa sikiliza hesabu yenyewe. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Ukitoka mjini kwa miguu ukafika Mtwapa, ukageuka ukarudi, bado una deni. Kilomita 42 nazielewa, ni adhabu kamili. Zinazoniudhi ni zile mita 195 za juu, na nikauliza zimetoka wapi. Kumbe mwaka 1908 Olimpiki ilikuwa London, mbio zikaanzia kwenye kasri la Windsor, zikaishia uwanjani mbele ya jukwaa la wafalme. Urefu ukatoka huo, na mwaka 1921 ukatiwa muhuri kwa dunia nzima. Yaani huko hakuna aliyetaka kusogeza viti, mimi na goti langu ndio tulipe. Mwingereza kashusha bendera yake 1963, akafungasha akaenda zake. Mita 195 kaziacha.

Nina ndugu yangu Muscat. Huyu kila akipiga simu ananambia, "Wewe si Mkenya? Wakenya si mwazaliwa mwakimbia?" Namwambia wale wakimbiaji wa kwenye televisheni ni wa bara, wamekulia milimani. Iten, mji wao wa kufanyia mazoezi, iko mita 2,400 hivi juu ya bahari, kuna baridi na hewa nyepesi. Eliud Kipchoge alizimaliza kilomita zote hizo kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna mwaka 2019, ingawa haikuingizwa kwenye rekodi kwa namna mbio zilivyopangwa. Sisi huku tuko sawasawa na bahari, maji yakijaa yatuchungulia. Kwa muda ule wa Kipchoge mimi huwa ndio kwanza nimepata mguu wa pili wa soksi.

Na jua letu si la mchezo. Machi 2007, kaskazi ikali bado ina hasira zake, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa hapa Mombasa, kwenye uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa bingwa wa miaka mitano mfululizo. Mzunguko wa mwisho joto likamshinda, akatoka njiani. Ushindi akauchukua Zersenay Tadese wa Eritrea. Nikilitaja hilo barazani hunyamaza kidogo. Kisha mmoja huuliza kama huyo Bekele naye alikuwa na kitambi.

Watu hawajui shida ya jasho la hapa. Daktari alinieleza kwamba jasho hupoza mwili pale linapokauka. Hilo ni jasho la kwengine. La Mombasa likauke liende wapi, na hewa yenyewe imelowa tangu Alfajiri? Lateremka tu, shingoni, mgongoni, kwenye mkanda wa suruali, mpaka viatuni, na nikifika Mama Ngina viatu vyalia chwaa, chwaa, paka wote wa Kizingo wanageuka kutazama. Kwa hivyo natoka nikishaswali Alfajiri, kabla jua halijapata nguvu. Jioni nilijaribu nikaacha. Jioni pale Mama Ngina kuna muhogo wa kuchoma. Mtu ameupasua katikati, akapitisha ndimu iliyochovywa pilipili na chumvi, moshi wautafuta uso wako wewe peke yako. Hakuna daktari aliyenipa kidonge cha kupitia pale.

Alfajiri nako kuna vijana. Hao wana fulana za rangi moja na saa zinazohesabu mpaka mapigo ya moyo. Wananipita wakiongea, na hilo ndilo linaloniuma. Mimi pumzi ya kujibu salamu huitafuta mpaka wakafika Lighthouse. Mmoja alipunguza mwendo akaniuliza nakimbia dakika ngapi kwa kilomita. Nikamwambia sihesabu dakika mimi, nahesabu vikombe vya kahawa vilivyonyweka barazani tangu nilipoondoka mpaka niliporudi. Akasema ataitafuta hiyo kwenye simu.

Mwenye sukari hakimbii tu hivi hivi akaingia kulala. Miguu yataka kukaguliwa, kwa sababu sukari hupunguza hisia za nyayo. Unaweza kuwa na lengelenge au kipande cha chupa kimekuingia na usijue mpaka pakaoza. Sasa unyayo wako mwenyewe wauonaje, na tumbo liko katikati? Natumia kioo cha dukani, kile kirefu cha wateja kujitazamia. Nakilaza sakafuni, nakaa kwenye kigoda, nainua mguu juu yake, napapasa kati ya kidole na kidole. Siku moja niko katika hali hiyo, suruali imekunjwa mpaka magotini, nakichungulia kisigino changu kama nakitafutia mchumba, akaingia mteja na mamake kuja kupima suti ya harusi. Yule mama alisimama mlangoni, akanitazama mimi, akakitazama kioo, akamshika mwanawe mkono. "Fundi yuko kwenye mambo yake," akasema, "tutarudi." Hawajarudi. Suti imeshonwa na mwengine, mabega nimeyaona, yamekaa vibaya.

Lakini hayo yote ni salama ukilinganisha na yaliyonikuta Kuze, mtaa wa Mji wa Kale.

Daktari alinionya: misuli ikifanya kazi hula sukari ya damuni, na baadhi ya vidonge navyo huishusha. Viwili hivyo vikikutana mwilini mwako, sukari yaweza kuteremka kupita kiasi, na kile kimashine cha kupimia sukari kikisoma chini ya 4, acha kila kitu utafune kitamu upesi, gramu 15 hivi, ungoje dakika 15, upime tena. Ndiyo maana sitoki bila tende mfukoni. Basi siku hiyo narudi, jua limeshachomoza, nilipoingia Kuze mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likageuka baridi, macho yakaingia ukungu, midomo ikawa mizito kama si yangu. Hali hii naijua. Nikatia mkono mfukoni. Mkono ukapita ukatokea chini. Mfuko umetoboka! Fundi cherehani mzima, nashonea nusu ya mji, mfuko wangu umetoboka na tende zangu zimewalisha kunguru tangu Makadara.

Nikashika ukuta. Mombasa ukishika ukuta tu, madaktari wanatokea. Wa kwanza akasema presha, nimwagiwe maji ya utosini. Wa pili akasema ni gesi, nisuguliwe mgongo. Bibi mmoja alitoka kwake na kanga mbili na chetezo mkononi, akatoa hukumu kutoka mbali: "Huyo kapandwa. Nani kamwambia akimbie saa hizi, saa za wenyewe?" Akaanza kunifukiza ubani. Mimi moshi waniingia puani, maji yanishuka mgongoni, ulimi hautaki kunyanyuka. Nikajikusanya, nikasukuma neno moja tu: "Sukari."

Wakaruka wote. "Ana sukari! Maskini, ana sukari! Msimpe kitu kitamu!"

Kulikuwa na mtoto wa shule amesimama mbele na peremende ya kijiti mdomoni. Wakamwondoa mbio, asije akanitia tamaa. Mwengine aliyekuwa na kikombe cha chai akakificha nyuma. Nikaona nitakufa nimezungukwa na vitamu na watu wema.

Aliyeniokoa ni mama wa mahamri wa pale pembeni. Mumewe ana ugonjwa huu huu. Alikuja na mwiko mkononi, akawatawanya. "Tokeni hapo nyote, mtamuua mtu! Sukari imemshuka huyo." Akachota vijiko vya sukari vya kujaa pomoni, akakoroga kwenye maji, akaninywesha kama mtoto. Nikakaa kwenye kibao chake robo saa, vidole vikarudi kuwa vyangu, nikapima, namba imepanda. Yule bibi mpaka leo asema ni ubani wake. Tena tukikutana hunikumbusha kwamba ule ulikuwa ubani mzuri, wa Somalia, si huu wa dukani, na kwamba yeye si mtu wa kudai.

Tangu hapo kila nyumba ina dawa yangu. Huyu ananiletea habasoda, yule mlonge, jirani wa juu ananikamulia karela mpaka mashavu yakutane mdomoni. Mkono wa kulia wanipa mwarobaini, wa kushoto sahani ya haluwa: "Kidogo tu, fundi, jana tulikuwa na shughuli." Nikikataa nimeringa. Nikila, jioni barazani nasikia, "Mwacheni afe, haluwa aila." Harusini ndiko balaa zaidi. Ukiacha wali wa biriani ukala kuku na kachumbari peke yake, mwenye harusi atakuja kukuuliza kwa uchungu kama amekukosea nini. Mama watoto ndiye pekee aliyenielewa. Chapati zangu kazipunguza bila kuniambia, na mbaazi ananipakulia kwa kijiko cha chai, halafu anakaa mbele yangu na hamri lake anakula taratibu.

Hata hivyo sikufichi, ile mashine siku hizi yanisomea namba za adabu, na daktari amenipa ruhusa kwa nusu mdomo: nianze polepole, nipime kabla, nipime njiani, nitembee nikitaka kutembea, nisimame nikijisikia vibaya, nisione haya. Hilo la mwisho daktari hajui analisema kwa mtu wa mji gani.

Nikaenda kujiandikisha. Fomu ikauliza nina maradhi gani, ikanipa mstari mmoja. Nikaomba karatasi ya pili. Ikauliza natarajia kumaliza saa ngapi, nikaandika kabla ya Adhuhuri, inshallah. Ikauliza dharura ikitokea aarifiwe nani. Mama watoto akasema nisithubutu kumwandika yeye, Jumapili hiyo ana harusi Bondeni na simu itakuwa kwenye mkoba. Kijana wa mezani alikuwa mwema, alinisaidia kila mahali, mpaka tulipofika kwenye fulana. "XL zimekwisha, mzee. Iliyobaki ni M."

Nikaipokea. Nikaivaa dukani mlango umefungwa, ikafika kitovuni ikagoma. Nikaivua, nikaifumua pembeni zote mbili, nikatia vipande vya kitambaa cha kanzu, kile cheupe chepesi cha Idi iliyopita, nikaongeza na vitundu vya hewa makwapani. Ndani nikashona mfuko wa tende, nyuzi mbili mbili, nikauvuta kwa meno kuujaribu. Kazi imetoka safi. Nimeitundika mlangoni ipigwe upepo, na barazani washaiona. Tangu jana wazee watatu wameniletea fulana za wajukuu zao wakitaka niwapanulie vivyo hivyo, na mfuko ndani. Hakuna anayekimbia. Wanataka za kukalia tu, kahawa ikinywewa. Nimewatoza bei ya suti.